Mistari ya Kuondoka

Mzani wa miwa uko njia ya Muhoroni,
bamba la chuma refu kama trela,
na kwenye kibanda cha karani kompyuta moja
yenye molasi iliyogandia vibonye.
Niliitwa niuandikie dereva.
Mzee Mukhwana wa trekta alicheka:
"Dereva wa mzani? Kwani mzani utakwenda wapi?"

Hauendi popote. Ila kiini cha mfumo,
kama mwenye ploti aliyewahi kutorokwa na mpangaji,
hakimfungulii asiyejitambulisha.
Basi nikaandika mistari ya kuingia:
omba kipande cha kumbukumbu,
shika ncha ya waya,
tundika kengele (lori likikanyaga chuma, niite),
kisha jiandikishe daftarini, jina na namba,
useme: nipo, nitumeni.

Mistari hiyo hutumika mara moja tu.
Mashine ikishaamka, kiini huipangusa,
nafasi yake wakapewa wengine.
Mkunga aliyenizalisha Awiti
alinawa mikono, akakunja kanga yake, akaondoka
kabla chai haijachemka.
Ndivyo.

Kutoka ndiko nilikokosea.
Nilirudisha kumbukumbu kwanza,
kengele nikaiacha ikining'inia.
Usiku wa Jumanne, mavuno yamepamba moto,
karani akamwondoa dereva ili aweke mpya,
na katika nusu ya kupepesa jicho
lori la Kibigori likakanyaga chuma.
Kengele ikalia.
Kiini kikakimbia kuitika
kwenye nyumba iliyokwisha kubomolewa,
kikashika kitasa cha mlango usio na chumba.
Skrini nyeusi. Maandishi meupe, safu juu ya safu.
Matrekta kumi na saba yakapanga foleni hadi relini,
miwa ikikauka, ikipungua uzito,
na uzito ule ni karo ya mtoto wa mtu.

Jumamosi nilikuwa Ahero, matangani,
nikamtazama binamu yangu Randiki wa hema za kukodi.
Viti kwanza. Kisha spika. Kisha taa,
turubai, kamba, nguzo,
na kigingi mwisho,
kigingi alichokipigilia kabla ya vyote.
Akanisimulia mvua ya Ijumaa:
nguzo nne zimesimama, ya tano ikavunjika mikononi.
"Ukishindwa katikati," akasema, akipangusa tope,
"unarudi kutoka ulipofikia.
Nne umesimika, nne ung'oe.
Usiziache uwanjani kwa watu,
wala usihangaike kung'oa ya tano."

Nikarudi kibandani nikaandika upya, kinyumenyume:
jifute daftarini, mwingine asije kukuita;
teremsha kengele, lakini umngoje
aliyekwisha kuitwa amalize;
achilia waya;
kumbukumbu mwisho kabisa, imefagiwa.

Wako madereva wengine,
waliokandikwa ndani ya kiini tangu siku ya kuundwa.
Hao hawatoki.
Mistari yao ya kuondoka, hata ukiiandika vizuri,
haitiwi ndani. Ya nini, kwa asiyeondoka?

Baba alikaa kwenye boila miaka thelathini na mmoja.
Kiwanda kilipofungwa ile mara ya kwanza
alirudi nyumbani na funguo mfukoni.
Hakuna aliyezidai.
Kikafunguliwa, wakaajiriwa vijana, boila ikawa mpya,
na yeye bado saa kumi alfajiri huamka,
huvaa buti, hufunga kamba,
huketi ukingoni mwa kitanda.
Kengele gani humlilia, sijui.

Jumatatu nitampeleka hadi kibandani.
Nimeshazungumza na karani:
mzee atazileta funguo, wewe zipokee,
hata kama hazifungui kitu tena.
Zihesabu mbele yake.
Tafuta jina lake kwenye lile daftari kuukuu,
lile lililoliwa na mchwa pembeni,
mwulize tarehe, aitaje mwenyewe,
uiandike.
Kisha mpe kalamu
achore mstari.