Mstari wa Saba

Jumanne, chumba cha nyuma cha duka la dawa,
baina ya maboksi ya nepi za wazee na friji inayonguruma,
mimi, kalamu tatu, na rundo la fomu.
Kazi yangu haina jina zuri.
Nawaandikia watengeneza dawa
watoe bure kile ambacho hapa hapa,
hatua tano kutoka kitini pangu,
kinauzwa kwa bei inayokata maini.

Verlin Messer ameshuka kutoka Kijito cha Laurel,
maili ishirini na sita kwa petroli ya kukopa.
Kofia mkononi. Mapafu yanapiga mluzi:
makaa ya Kentucky yalimlipa mshahara,
chenji yakamwachia kifuani.
Kaleta bati la biskuti lenye risiti,
barua ya pensheni, bili ya umeme,
na kichupa kitupu cha insulini ya mkewe, Oma,
amekizungushia leso kama yai.

"Anajidunga nusu," anasema.
"Nusu ya asubuhi. Jioni anasema hana njaa.
Asipokula, hajidungi."
Utadhani anamsifu kwa kubana matumizi.
"Sikuja kuomba," anaongeza.
Najua. Hakuna anayekuja kuomba hapa.
Wote wanakuja kuuliza tu.

Tunajaza. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Mapato ya mwezi.
Napiga hesabu mara mbili, ya tatu kwa vidole:
kwa nyumba ya watu wawili
amezidi dola kumi na moja.
Kumi na moja!
Kumbe wewe ni tajiri, Verlin,
tajiri kwa mfuko mmoja wa chakula cha mbwa.

Mstari wa saba: Watu wangapi wanaishi nyumbani?
Ameandika 2.
Lakini nje ya dirisha, ndani ya gari, kuna mtoto,
miguu juu ya dashibodi,
anachora kwenye ukungu wa kioo.
"Yule?"
"Brinlee. Wa Tosha."
"Anakaa kwenu?"
"Kwa muda."
"Tangu lini?"
Anaizungusha kofia, ukingo wote, mpaka inarudi ilipoanzia.
"Tangu ana meno mawili."
Mtoto anageuka, anatucheka. Ana pengo.
Meno yale mawili yameshang'oka.

Namwambia: andika watatu, na mlango unafunguka.
Watatu, na dawa inakuja kwa posta, ndani ya barafu.
Kalamu haisogei.

Naelewa polepole, mimi bingwa wa fomu.
Jikoni kwake kuna kikombe cha Tosha msumarini.
Kuandika tatu ni kukitungua.
Ni kuiambia kampuni asiyoijua,
katika mji asiowahi kuukanyaga,
jambo ambalo hajamwambia Oma:
kwamba binti yao harudi kesho, wala Krismasi.
Vidonge vilivyomchukua yeye
havikudai fomu.

Mficha maradhi kilio humfichua, husema watu.
Hawasemi afanyeje
mwenye maradhi mawili na karatasi moja.

Aliondoka na fomu mfukoni, haina sahihi.
Nikamlaani aliyezipanga namba zile,
kisha nikamhudumia mwenye shinikizo la damu,
kisha mama wa pumu, kisha nikafunga.

Jumanne iliyofuata aliingia mtoto peke yake.
Akaiweka karatasi mezani, imekunjwa mara nne,
inanukia mafuta ya nguruwe.
Sahihi ipo. Mstari wa saba: 2 imekatwa,
3 imekandamizwa mpaka wino umetokea upande wa pili.
Na pembeni, nje ya kisanduku,
kwa herufi za mtu aliyeacha shule mapema:
*wa nne yuko njiani.*

Kampuni haitaelewa. Ilinipasa kufuta.
Nikaiingiza kwenye faksi hivyo hivyo,
nikaishika ncha isije ikapinda.

"Babu anauliza itachukua muda gani," akasema Brinlee.
Wiki sita.
"Bibi anayo ya siku tisa," akasema,
akaanza kuhesabu vidole vyake,
akafika mwisho wa mkono wa pili,
akaniomba vyangu.