La Jana, La Leo

Barua ya kiwanda ilikuwa na mistari minne:
chipu hii haitatengenezwa tena,
agizeni za mwisho kabla ya Juni,
asanteni kwa miaka kumi na tisa.
Haikuwa na saini.

Oulu, Desemba. Saa nane mchana jua limeshaaga.
Nikafungua mafaili ya Oiva Kemppainen,
aliyestaafu akahamia Kuusamo na mbwa wake wawili.
Mistari elfu sita na ushei,
na maelezo machache, ya Kifini cha kwao,
kama mtu anayenong'oneza ukuta:
älä koske. Usiguse.
Hakusema kwa nini.

Kuhamisha. Neno jepesi, kama kubeba kiti.
Kumbe mapigo ya saa kule yalizidishwa na kipande chenye jina jingine,
pini zilizokaa kaskazini sasa zinakaa magharibi,
na programu mpya, leseni ilipokubali kunijua,
ikanisomea maonyo mia nne na kumi na moja
kwa sauti ya karani asiyetazama mtu usoni.
Nikayajibu moja moja.
Mengine nikayanyamazia.

Kisha mwigo.
Mawimbi ya kijani yakatambaa skrini nzima,
pigo, pigo, pigo,
barafu ya kubuni ikanenepa, ikakonda,
kila jaribio likapita.
Aune akaleta mikate ya mdalasini, tukala tumesimama.

Kifaa hiki, niseme, husikiliza barafu
kwenye njia ya magari juu ya bahari iliyoganda.
Hupima, hukumbuka, hupima tena,
huondoa la jana kwenye la leo.
Kinachobaki ndicho dereva wa lori anachotaka kujua.

Februari tukakifunga kwenye kigari cha theluji.
Siku tatu za joto lisilo la msimu, matone kwenye paa,
na kifaa kikasema: sifuri.
Chini yetu barafu ikatoa mlio mrefu
na kifaa kikasema sifuri,
safi, bila kigugumizi.

Usiku nikarudi kwenye mstari wa usiguse.
Chumba kimoja cha kumbukumbu,
kinaandikwa na kusomwa katika pigo lile lile.
Chipu ya zamani ilikupa kwanza kilichokuwamo,
ndipo ikapokea kipya.
Hii hupokea kwanza, ndipo ikakupa.
Zote mbili ni aminifu.
La leo lilikuwa likiondolewa kwenye la leo.

Na kijani chote kile?
Niliiga kwa maktaba ya kiwanda cha zamani.
Nilikuwa nimemwuliza marehemu tabia za mrithi.
Nikabadilisha maktaba, nikaiga upya:
nanosekunde ya arobaini, mstari mwekundu,
mwembamba kama ufa.

Nikampigia Oiva. Mbwa walibweka nyuma yake.
"Ah," akasema, "hapo."
Kimya. Kisha:
"Nilidhani niliandika kwa nini."

Nimeongeza rejista moja, ya kuishikilia jana
mpaka leo ikae kitako.
Juu yake maelezo ya mistari tisa,
Aune anasema ni mingi mno.

Tarehe tatu Machi, kilomita ya pili kutoka ufukweni,
kifaa kikasema: sentimita nne pungufu.
Hatukubishana nacho.
Aune akageuza kigari.