Makaa ya Pete

Kima punju wameingia tena jikoni,
nywele timtim kama walioamshwa na moto.
Wanaokota makaa, wanatafuna bila haya.
Zamani nikiwarushia vifuu.

Mpaka Jumanne ile, gari lilipokigonga kitoto.
Mama yake akakibeba siku mbili, mkono mmoja tawini,
na wenzake wakapokezana nyuma yake
kumchambua manyoya,
hata yule aliyemng'ata juzi yake kule mkunguni.

Mimi na Kazija, ukuta mmoja wa udongo,
mwaka wa tatu hatuamkiani.
Kisa kuku.

Leo nimemwachia mlangoni pakacha la makaa,
sikubisha hodi.
Baada ya alasiri moshi ukapita juu ya ukuta,
kisha kikohozi,
kisha:
"Mize, una chumvi?"