Namba Kumi na Saba

Saa mbili na nusu asubuhi, kabla ya kahawa,
kabla ulimi haujachafuka kwa salamu za watu,
tunakaa chumba cha juu, kiwandani Estelí,
dirisha wazi, mlango umefungwa.
Marufuku marashi. Marufuku kitunguu cha jana.
Xiomara alirudishwa nyumbani Jumanne
kwa sababu ya sabuni.

Mbele yangu glasi ya maji, kipande cha mkate mkavu,
na sigaa isiyo na pete, isiyo na jina.
Namba tu.

Kwanza vidole. Naibinya polepole, mguuni hadi kichwani,
kama mama atafutaye jipu kwa mtoto asiyesema.
Jani la nje limekolea weusi, lina mafuta,
mishipa yake myembamba, limelala.
Naivuta ikiwa baridi: zabibu kavu, zizi la farasi.
Usicheke. Zizi ni sifa.

Kisha kijiti cha mwerezi. Moto usiiguse, uipashe tu,
naizungusha mpaka duara lote liwe jekundu.
Moshi haushuki kifuani. Kifua hakijui kuonja.
Unakaa mdomoni, unageuka, unatokea puani,
na hapo ndipo usemapo kweli:
pilipili manga, halafu maganda ya kakao,
halafu kitu nikijuacho na sikipatii neno,
labda madawati ya shule siku ya kwanza ya mvua.

"Chokoleti," anaandika Wilmer, mwanagenzi wetu,
maana jana alimsikia don Abelino akisema chokoleti.

Theluthi ya kwanza jivu limesimama,
jeupe, gumu, urefu wa vidole viwili.
Theluthi ya pili, njia inaziba.
Navuta, moshi hauji. Navuta tena,
mashavu yanaingia ndani kama ya mtu anyonyaye mfupa.
Humo ndani, upande wa kushoto, pana fundo.

Nalijua fundo hili.
Si la jani, ni la kidole gumba,
kidole gumba cha Nemesio Talavera, meza ya tisa,
aliyenifundisha kukunja tumbaku
nikiwa na miaka kumi na sita na kucha ndefu.
Tangu Desemba mkono wake unatetemeka,
naye, ili usitetemeke, anakandamiza.

Walificha jina nisimjue.
Hawakujua kwamba mkono haufichiki.

Chini ya themanini, meza huondolewa.
Don Abelino kaandika tisini, macho yake dirishani.
Kumbe naye kajua.

Nakunywa maji. Natafuna mkate. Nakunywa tena.
Ladha: thelathini na nane kwa arobaini. Jani halina kosa.
Uunguaji: sawasawa.
Mvuto...
Mtu wa mbali atakayeinunua kwa ujira wa siku nzima
hatamjua Nemesio.
Atajua tu kwamba ilimgomea.
Naandika. Jumla: themanini na mbili.

Saa sita nikateremka na kipisi,
nikakiweka mezani pake bila neno.
Akakiwasha upya, akafumba macho.
Nikayaona mashavu yake yakiingia.
Akalitazama jivu. Akautazama mkono wake
kama mtu amtazamavyo mbwa wake mwenyewe
aliyemuuma mtoto wa jirani.

"Umeipa ngapi?"

Nikamwambia.

"Sabini na nane," akasema. "Ulimi wako umeanza kuzeeka."

Meza za jirani zikanyamaza, kisha zikaendelea.
Akasogeza kiti, akaniachia nafasi,
akanisukumia ubao na kisu cha nusu mwezi.
"Mimi nitasema. Wewe kunja."

Nikavua pete.