Mizani Nane

Jina nimelirithi kwa bibi, mama yake baba,
aliyezikwa Kiungoni nami sijaota jino:
Bimkubwa.
Nyumbani likiitwa, naitika kama mtu aliyeombwa chumvi.
Skuli likiitwa, darasa zima hukohoa.

Msimu ule wa karafuu, kituo cha kununulia, Konde,
jua la saa tisa, makonyo yamenikwama kuchani,
mpimaji kaenda kusali alasiri.
Shaame akasema, "Mpandisheni."
Mikono minne. Kicheko kimoja.
Sahani ya mizani ilikuwa ya moto chini ya nyayo,
mshale ukaruka, ukatetema, ukatua,
na Riziki, niliyelala naye jamvi moja utotoni,
ndiye aliyesoma, kwa sauti ya mnadani:
"Themanini na nne!"

Tangu hapo sikuwa na jina.
Darasani: Themanini na nne, sogea, hatuoni ubao.
Kwenye simu: picha ya gunia limevishwa ushungi.
Andazi langu la mapumziko nikawa nampa mbuzi wa mlinzi,
akanona yeye.
Baibui nikalivaa hata kwa kuchotea maji, jasho likichuruzika,
na mama mbele ya jirani, "Mashaallah, mwanangu kanawiri,"
nami nikatamani ardhi, si inimeze,
inipunguze tu.

Kisha Jumatano moja, kipindi cha tano,
Mwalimu Zuwena akaandika ubaoni: MIZANI.
Shingo arubaini zikanigeukia.
Yeye hakuona; alikuwa akifuta vumbi la chaki miwanini.
"Mizani ya shairi," akasema, "huhesabiwa kwa vidole.
Kipande kizima kina nane. Saba ni guni."

Chini ya dawati nikahesabu, sijui kwa nini,
the-ma-ni-ni-na-n-ne.
Saba.
Nikarudia, nikidhani kidole kimeniponyoka.
Saba.
Nikajaribu jingine, polepole, kama mtu anayepapasa swichi gizani:
Bi-m-ku-bwa-bi-nti-Fa-ki.

Nane.

Sikuwa mwembamba siku ile, wala jasiri.
Kengele ilipolia nilingoja wote watoke, kama kawaida.
Lakini Shaame, mlangoni, aliposema lile lile lake,
nilimjibu, "Limepungua moja."
"Moja nini?"
"Kahesabu."
Akatazama vidole vyake.

Andazi la Alkhamisi nililila mwenyewe.
Mbuzi alinifuata mpaka bombani, akinilaumu.
Na usiku nikaanza shairi, nyuma ya daftari la hesabu:

*Mwili wangu si shambalo, kuchumia lako cheko.*

Kumi na sita. Nimehesabu mara tatu.
Mstari wa pili haujaja.
Nimeuachia nafasi pana.