Vidole Viwili

Gari lilishuka kona zote hamsini na saba
likaingia gereji yangu hapa Chimala
limelalia kulia, kama mtu
anayemsikiliza jirani katikati ya mahubiri.

"Linyanyue," alisema Orida Mahenge,
matope meusi ya Matamba yakimkaukia kwenye buti.
"Difu inakwangua mgongo wa njia.
Msimu uliopita niliacha bomba la moshi huko juu.
Na uliweke sawa. Sitaki gari linalochechemea."

Nililiegesha kwenye saruji niliyoimwaga mwenyewe
na kuipima kwa pima maji,
maana huwezi kujua gari limeinama
ikiwa sakafu yako yenyewe inadanganya.
Nikanyoosha futi toka kitovu cha gurudumu
hadi ukingo wa madigadi.
Nyuma, pande zote: pamechoka, magunia yamefanya yao.
Mbele kushoto: pazima.
Mbele kulia: vidole viwili chini.
Nikarudia.
Vidole viwili.

Ambilikile akaingia uvunguni na tochi.
Springi haijavunjika, akasema, bushi nzima,
shokapu kavu. "Imekaa tu, fundi.
Kama kiti kinavyomjua mwenyewe."

Obadia alikuwa na kilo mia na ishirini;
kicheko chake sikuwahi kukipima.
Miaka kumi na tisa upande ule,
kiwiko dirishani, mvua au jua,
mpaka majani ya chuma yakamkubali.
Sasa anaendesha mjane wake,
mwembamba kama mpini wa jembe,
amekalia mito miwili ili aione boneti.

Mimi na maneno hatujuani sana. Nikasema ya kazi:

"Mama, wapo vijana wa Mwanjelwa
wanapandisha inchi sita, wakishuka
utadhani wanatoka darini. Taa zao zinamulika popo.
Kwenye kona zako, gari la hivyo
linalazwa na upepo na kreti moja ya soda.
Nitakupa mbili. Mbili zinatosha kulivuka jiwe,
na propela haitanung'unika.
Nyuma nitaacha juu kidogo. Utaliona limebinuka,
watasema kuku anadonoa; waache waseme.
Siku ya lumbesa litakaa.
Gari halisawazishwi kwa kulitazama likiwa tupu."

"Na kulia?"

"Kulia natoa jani kuu lililolala, naweka jipya."

"Lililolala linakwenda wapi?"

"Chuma chakavu. Au kwa mhunzi, anapiga mundu."

Akanyamaza. Tukaanza.
Yubolti zilikuwa na kutu ya miaka yote hiyo;
tulizinywesha mafuta ya taa, tukazibembeleza,
mwisho tukazipiga nyundo na tusi moja
ambalo Orida alijifanya hakulisikia.
Jua la Usangu lilikuwa juu ya bati. Yeye,
mtu wa baridi, alikaa na sweta lake hadi saa tisa.

Jioni niliweka kikombe cha chai juu ya boneti.
Chai ikaegemea mbele kidogo, nilivyotaka.
Kulia na kushoto, ukingo kwa ukingo.

Akapanda, akashika usukani. Akashuka.
Akapanda tena.
"Halina mtu sasa," alisema,
si kwa kilio, kama mtu anayesoma mita.
Akalipa kasoro elfu ishirini,
hizo zitakuja kwa viazi.

Kisha akaliokota lile jani kwenye grisi,
akalivika gunia tupu,
akaliweka kiti cha abiria, kushoto,
akalifunga mkanda.

"Sasa litalalia huku," Ambilikile akanong'ona.
Nikamwambia acha ujinga, chuma chenyewe
hakifiki hata kilo kumi.

Lakini nilitoka hadi barabarani,
spana mkononi,
nikalitazama likipanda kona ya kwanza,
ya pili, ya tatu,
jicho moja nimelifumba, nikipima.