Mizani ya Waya Mbili

Mchana napima korosho ghalani, hapa Newala,
gunia kwa gunia,
wakulima wamekodolea macho kidole changu
kisije kikaegemea sahani.
Usiku napima waya.

Zinashuka sambamba toka juu ya mikorosho,
mbili, zimeachana vidole vinne,
katikati vijiti vya mpingo,
masalia ya vinyago vya Nampombe
niliyoyachemsha kwenye nta ya mishumaa
hadi mvua ikakosa pa kuingilia.
Umeme ukipanda huku, kule unashuka,
kiasi kilekile, kinyume chake,
na nje ya waya panabaki kimya
kama nyumba ya waliokwisha kugombana.

Sasa tyuna.

Muuza duka wa Mtwara mjini aliapa:
“Dada, hii inakubali waya zote.”
Nyeusi, inang'aa, ina taa na sindano.
Nikatoa nusu ya fedha ya msimu.
Nyumbani nikafungua skrubu:
saketi ya upande mmoja,
na mkiani kiduara kimezongwa waya,
kimeachiwa kusuluhisha kesi
ambayo hakimu ameshaegemea.

Nikafunga balbu mbili za tochi, kila waya na yake.
Nikabonyeza.
Moja ikawaka jicho la paka,
ya pili nyekundu, kaa lililosahauliwa.
Sindano? Imetulia kwenye moja, haina habari.
Mizani ya hivyo naijua.
Na ng'ambo ya ua, katikati ya tamthilia,
Bi Akumbasi akapiga kelele:
“Somoe! Toka kwenye tivii yangu!”

Nikairudisha. Akanikata elfu thelathini.

Friji mbovu ya zahanati ikanipa bomba la shaba,
nikalizungusha likawa koili,
ndani yake koili ndogo
isiyoigusa kubwa, inainong'oneza tu.
Kapasita mbili za redio ya mbao ya babu,
mhimili mmoja wa mpingo:
huyu akigeuka, mwenzake hana hiari.
Haina taa. Haing'ai.
Kila bendi nihamishe klipu kwa mkono,
na nikisahau kuzima, inang'ata.

Jana saa nne usiku, mita arobaini,
balbu zote mbili zilififia sawasawa.
Bi Akumbasi alicheka na tamthilia yake.
Mtu wa Mueda, ng'ambo ya Ruvuma,
akaniitikia, akauliza: tyuna gani?
Nikatazama ubao wa kreti ya soda,
misumari, nta.
Subiri kidogo, nikamwambia,
nahamisha klipu.